Uanachama wa Milele na Kisima cha Nadine

Jamaa zangu wa bonde la Marlow, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali na Nevada hii yetu, nipeni masikio niwasimulie yaliyowapata Merle Haskins na mkewe Nadine. Wenyeji wenzangu mtasema mnayajua. Mnajua mwisho wake tu, kwa sababu mwisho ndio uliopita barabarani na king'ora cha gari la wagonjwa. Mwanzo wake ulikuwa kimya, na ndio ninaotaka muusikie.

Ilikuwa asubuhi ya Januari, jua jembamba, baridi ya kuuma vidole. Nadine alikuwa jikoni akikaanga viazi na mayai, naye Merle amekaa mezani na kahawa yake, akitazama mipichi kumi na miwili ambayo mkewe aliipanda mwaka waliohamia hapa. Miaka thelathini Merle aliendesha malori makubwa ya mgodi wa dhahabu. Sasa amestaafu, mwili mzima, deni hana, mke anampenda. Nadine akafungua bomba ajaze birika. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema maji ya rangi ya chai, kisha likatulia.

"Umesikia hilo?" Nadine akauliza.

Merle alikuwa amesikia. Kwetu bondeni hakuna bomba la serikali; kila nyumba inaishi kwa kisima chake, na bomba likikohoa mtu huacha kula.

Siku ile ile akaja Odell Prine, jirani yao na mchimba visima, mtu wa maneno machache anayenuka grisi hata kanisani. Alishusha kamba yake ya kupimia ndani ya bomba la kisima, akaipandisha, akaitazama kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yameshuka futi kumi na moja tangu mwaka juzi. Pampu ilibakiwa na futi tisa tu za maji juu yake.

"Kisima hakifi kwa kishindo, Merle," Odell akasema. "Kinakohoa hivi hivi. Halafu siku unayokihitaji kuliko zote ndiyo kinanyamaza. Lazima tushuke futi mia mbili zaidi kabla ya joto. Nimekuwekea wiki ya pili ya Aprili, na usiiachie, maana nyuma yako kuna watu kumi na wanne."

Fedha zilikuwapo. Walikuwa wameuza kiwanja cha pembeni na kuziweka benki mahali pa peke yake, na Nadine akazipa jina: fedha za maji. Hazikuguswa hata paa lilipovuja. Kwa hiyo usiku ule walilala kama watu wasio na neno, na haki walikuwa nayo.

Sasa nije kwenye shule. Shule ya kulenga shabaha ya Kilima cha Kunguru iko mwendo wa saa mbili kusini, jangwani kabisa. Wapo kati yenu waliosoma pale, na wanajua kwamba wakufunzi walikuwa watu wa kazi. Sitasema uongo ili hadithi yangu inoge. Merle alikwenda mara ya kwanza miaka mitano iliyopita, kwa kuponi aliyopewa na mwenzake wa mgodini, na siku ya pili alikuwa akichomoa bastola kiunoni na kuipiga karatasi yenye umbo la mtu katikati ya kifua bila mkono kutetemeka. Mkufunzi akamshika bega mbele ya watu thelathini, akasema, tazameni huyu. Tangu Merle aagwe mgodini kwa keki na saa ya ukutani na kuambiwa aende nyumbani akapumzike, hapakuwa na mtu aliyemwambia neno kama hilo.

Hapo ndipo walipomnasa. Mwenye shule, Royce Vandiver, aliyependa kuitwa Mkuu, alikuwa amegundua kwamba mafunzo ya siku nne huisha siku ya nne, na mteja akenda zake. Akaanza kuuza uanachama wa maisha: lipa mara moja, usome mpaka kaburini. Merle akaununua. Nadine hakugomba, alijua mume akishinda nyumbani kutwa huanza kupanga upya makabati ya jikoni. Lakini baada ya kadi ya maisha ikaja kadi ya fedha, baada ya fedha ikaja ya dhahabu, na baada ya dhahabu ikaja ya Waasisi. Ukijiuliza, kama ile ya kwanza ilikuwa ya maisha, hizi nyingine zilikuwa za nini, basi umeuliza swali ambalo Merle hakuliuliza.

Kila wiki barua ya Mkuu iliingia kwenye kompyuta. Bei hii mwisho wake ni leo saa sita usiku. Kesho yake barua nyingine: kwa upendo wa Mkuu, muda umeongezwa siku tatu. Zilimwita kwa jina lake na kumsifu kama bwana harusi. Mzee wa watu alikuwa akivishwa kilemba cha ukoka, akakivaa mpaka kikamshukia machoni.

Februari alikwenda tena kwa mafunzo ya siku nne. Mambo yalikuwa yamebadilika. Vyoo vya matofali vilikuwa vimefungwa kwa kufuli. Wanachama waliambiwa waje na maji yao ya kunywa. Wakufunzi, ambao zamani walikuwa sita kwa kila mstari wa kulengea, sasa walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Tamsin Oakes, mwanamke aliyewahi kuwa naibu sherifu na asiyependa porojo. Wakati wa mapumziko alimvuta Merle kando, nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga.

"Mzee Merle, kule nyumbani una jambo lolote linalongoja fedha?"

"Kisima."

"Basi kachimbe kisima. Hapa usinunue kitu tena, hata kofia."

"Una maana gani?"

"Mwezi wa pili huu sijalipwa. Nimekuambia, na sijakuambia."

Ndugu zangu, mtu akikuonya kwa hasara yake mwenyewe, msikilize. Merle alimwona mfanyakazi mwenye kinyongo na mwajiri. Alimshukuru kwa adabu, akaingia ukumbini kula.

Mkuu mwenyewe alikuwa humo siku hiyo, na fulana nyeusi na meno meupe. Alikuwa na kitu kipya, kinaitwa Jiwe la Ukoo. Kadi moja ya watu saba, ya kurithiwa na watoto wa watoto, na majina ya wote yakichongwa kwenye bamba la jiwe jeusi litakalowekwa ukutani langoni. Hakutaja bei kwanza. Aliuliza swali.

"Babu na bibi mlio humu. Mjukuu wako alikutembelea lini mara ya mwisho?"

Vijiko vikatulia ukumbi mzima.

"Ukimpa baiskeli, itavunjika. Ukimpa fedha, atazila na kukusahau. Mpe Kilima. Kila mwaka atakuja. Na akija Kilimani, amekuja kwako."

Merle aliwaona wajukuu wake watano pale pale, kama waliokaa naye mezani. Wawili wa Curtis, mwanawe aliye Ohio na mkewe Beth. Watatu wa Janelle, binti yake aliye Boise, mji ulio mbali kaskazini kwetu. Mara ya mwisho kuwaona pamoja ilikuwa Krismasi nne zilizopita, na yule mdogo kabisa alimjua kwa sura ya kwenye simu tu. Nasema wazi: si bunduki zilizomponza mzee huyu, wala si majivuno. Ni upweke, na Vandiver aliunusa kama fisi anavyonusa kidonda.

Kulikuwa na meza mlangoni. Aliyetia saini kabla ya chakula kuisha aligongewa kengele, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Merle akasimama. Akaandika majina matano ya wajukuu, akaongeza lake na la Nadine, akaandika hundi iliyokomba karibu fedha zote za maji. Kengele ikalia. Watu wakasimama, wakapiga makofi, na Tamsin Oakes, aliyekuwa mlangoni na sahani yake, akageuza uso.

Kurudi nyumbani alikuta Nadine ameoka pai ya mapichi ya kopo. Hakumwambia. Wiki iliyofuata alimwambia Odell wangoje mpaka vuli, kwamba Nadine hataki kelele za mtambo wakati miti inachanua. Kisha akamwambia Nadine kwamba mtambo wa Odell umevunjika na spea zinatoka mbali. Uongo mmoja kwa jirani, mwingine kwa mke, na kati ya nyumba hizo mbili kuna uzio wa waya tu. Wiki ya pili ya Aprili Odell akaenda kuchimba kwa mtu mwingine.

Merle alijipa moyo kwa ile siku wajukuu watakapokuja. Akampigia simu Curtis kumpa habari. Mwanawe alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "bunduki sina neno nazo. Lakini Beth hawezi kuwapeleka watoto pale, na mimi likizo yangu ni wiki mbili kwa mwaka."

"Ni ya maisha, mwanangu. Majina yao yamechongwa kwenye jiwe."

"Tungekuja nyumbani, baba. Kila mwaka nangoja mseme njooni, nasema labda wazee wanataka utulivu wao. Mngesema tu."

Merle akadai simu haisikiki vizuri, akakata. Alikaa kwenye gari lake uani mpaka Nadine akatoka kumwuliza kama ni mgonjwa.

Mei ikaja barua nyingine ya Mkuu. Shule, kwa sababu ya madeni, imeingia chini ya ulinzi wa mahakama kwa muda mfupi, msiogope, ila kila mwanachama mwaminifu atoe mchango wa kulinda kadi yake. Mfa maji haishi kutapatapa. Merle akatuma zile dola mia chache zilizobaki.

Juni joto likashuka bondeni. Mchanga ukaanza kuonekana ndani ya beseni la kuogea, mwembamba kama unga. Pampu, ambayo zamani iliguruma dakika mbili ikanyamaza, sasa iliguruma robo saa nzima. Nadine akawa anaoga kwa ndoo na kuimwagia mipichi maji ya vyombo, huku kifua chake, ambacho hakikuwa kizima tangu augue homa ya mapafu miaka ya nyuma, kikipumulia juu juu. Kila alipouliza, Merle alijibu ni kichujio kimeziba. Kila Jumamosi alikifungua kichujio, akakisafisha, akakirudisha, naye alijua kwamba anasafisha kitu kisicho na kosa. Siku moja, Nadine akiwa kanisani, alilala chini pale kisimani akaweka sikio kwenye chuma. Alisikia pampu ikifyonza hewa. Akainuka, akajipangusa vumbi, asimwambie mtu.

Wiki ya pili ya Julai kipimo cha joto kilifika nyuzi mia moja na kumi na nne za Farenhaiti, yaani zaidi ya arobaini na tano za Selsiasi. Merle akakata shauri: atakwenda Kilimani, atamwangukia Vandiver, atarudisha kadi zote na kudai hata nusu ya fedha. Alikuwa ameshavaa kofia Nadine alipomwita kutoka jikoni.

"Leo bomba halitoi kabisa, Merle. Hata tone."

"Ni kichujio. Nikirudi nitakisafisha."

"Nimwite Odell atazame?"

"Usimsumbue Odell. Nitarudi kabla ya saa nane."

"Haya," Nadine akasema, kwa maana katika miaka arobaini na tatu hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Langoni Kilimani Merle alikuta mnyororo, na kwenye mnyororo karatasi ya mahakama ndani ya mfuko wa plastiki. Magari tisa yalikuwa yamesimama juani. Mzee mmoja mwenye miwani alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti: shule imechukuliwa na wenye mikopo mikubwa, uanachama wote, wa kila daraja, umefutwa, wanaodai kwa kadi watakaa mwisho wa mstari. Mama mmoja aliuliza mstari huo una watu wangapi mbele. Hakuna aliyejua. Kupitia nondo za lango Merle aliyaona mabamba meusi yamepangwa chini kwa mstari, hayajawekwa ukutani, na jina la Haskins lilikuwa kwenye la tatu.

Kule nyumbani kipozeo cha hewa kilikuwa kinazunguka. Mnakijua, lile sanduku la juu ya paa linalopoza nyumba kwa kupuliza hewa kwenye nyuzi zilizolowa maji. Maji yakikosekana nyuzi hukauka, na sanduku hilo hilo huvuta moto wa nje na kuumimina ndani. Nadine aliuona moto ukiingia. Akafunga mapazia, akatoa barafu yote ya friji kwenye bakuli, akaweka miguu. Angeweza kumpigia Odell, aliyekuwa nyumbani kwake, hatua mia mbili. Lakini mumewe alisema asimsumbue, ni kichujio tu, na atarudi kabla ya saa nane.

Odell alikuja saa nane na nusu kurudisha ngazi aliyoazima. Aliona mipichi imejikunja majani, akasikia kipozeo kikisaga kwa sauti kavu. Alibisha, kimya. Alimkuta Nadine sakafuni jikoni, ngozi kavu na ya moto kama kikaango, bakuli limepinduka kando yake na hakuna hata unyevu mahali lilipomwagika. Akambeba mpaka garini, akamwekea barafu ya kupozea soda zake kwapani na shingoni, akaita gari la wagonjwa. Kisha akampigia Merle mara nne. Jangwani kule simu haishiki.

Ukumbini mwa hospitali Odell hakupandisha sauti.

"Nilikuwekea wiki ya pili ya Aprili, Merle," akasema, akavaa kofia yake, akaenda kungoja nje.

Curtis alifika kesho yake kwa ndege, na Beth na watoto wawili. Janelle alifika usiku wake na watatu, wameendesha gari siku nzima. Nadine alifumbua macho siku ya tatu. Figo zilikuwa zimechomwa na joto, kifua kimechoka, lakini akili ilikuwa yake. Merle alikaa kando ya kitanda akamwambia yote, kutoka kengele na makofi mpaka mnyororo wa langoni. Hakujitetea. Alilia, na alistahili kulia.

Nadine aligeukia mlango. Alikuwa akitazama kupitia kioo cha mlango, ambako wajukuu watano walikuwa wamekaa kwenye benchi moja wakigawana pakiti ya biskuti za chumvi, yule mdogo akiwa kwenye paja la mkubwa.

"Wamekuja wote, Merle," akasema. "Na hakuna aliyeulizwa kadi mlangoni."

Hakumwacha. Lakini hakurudi tena katika nyumba ile, kwa sababu daktari alimkataza joto, na kwa sababu nyumba isiyo na maji kwetu ni kuta tu. Wanaishi Boise, chumba cha nyuma kwa Janelle, naye Nadine huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Hakuna aliyeinunua nyumba. Mipichi yote kumi na miwili imekufa ikiwa imesimama. Vandiver, nasikia, yuko jimbo jingine, na ana fulana nyingine.

Odell alikiziba kisima kwa saruji, kama sheria inavyotaka, bila kumtoza Merle. Siku hizo walionunua Kilima walitangaza kwamba mwenye bamba lake aje alichukue, yatakayobaki yatapondwa kokoto. Merle alikwenda. Alilileta kwa gari lake, akalilaza juu ya ile saruji, kwa kuwa hakujua aliweke wapi pengine, kisha akarudi Boise kwa mkewe. Majina yameandikwa vizuri mno, na kutoka barabarani yanasomeka. Mwezi uliopita mama mmoja mgeni alisimamisha gari hapo, akashuka, akasoma majina ya watoto watano, akavua miwani yake ya jua. Alipoondoka tulikuta ameacha maua.

Funzo la hadithi hii

Kujifunza kushika silaha kwa usalama si kosa, na mkufunzi mwema anastahili ujira wake. Lipia siku unazosoma, usome, urudi nyumbani. Lakini anayekuuzia milele, mwulize kwanza milele ni maisha ya nani: yako, au ya duka lake? Kadi ya maisha hufa siku shule inapokufa, hata kama wewe ungali hai. Bei inayokwisha usiku wa leo na kufufuka kesho asubuhi ni ndoano. Mahali ambapo unapigiwa makofi kwa kutia saini, weka kalamu mfukoni, uende ukaulize wanaofanya kazi pale kama wamelipwa. Na usiache mbachao kwa msala upitao: fedha ya maji ni ya maji.

Tena, jamaa zangu, ukinunua jambo unaloogopa kumwambia mwenzako wa nyumbani, bei yake umeshaanza kuilipa, naye analipa pamoja nawe bila kujua. Kama una hamu na wajukuu wako, inua simu leo uwaambie njooni. Nasema hivi kwa sababu kila nikienda mjini napita penye lile jiwe, na yale maua yamekauka juu yake.